Ukristo ulieneaje katika Dola ya Rumi kabla ya Constantine?

Mdadisi:
Wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma habari za kanisa la karne tatu za kwanza, na maelezo ya kawaida hayanitoshelezi. Tunaambiwa kwamba imani hii ilienea kwa sababu Warumi walijenga barabara imara, vyombo vilisafiri kwa usalama katika bahari ya Mediteranea, na Kigiriki kilieleweka kuanzia Aleksandria hadi Roma. Yote hayo nayakubali. Lakini barabara hizo hizo zilipitisha pia waabudu wa Isis, mungu wa kike wa Misri, na wa mungu Mithras, na ibada zao hazikuishia kuwa dini ya dola. Isitoshe, baada ya kizazi cha mitume hatusikii sana habari za wahubiri mashuhuri wanaozunguka mji kwa mji. Ni nani basi aliyeibeba imani hii, na kwa njia gani, kabla ya Constantine, Kaisari wa kwanza kuiunga mkono? Nitashukuru nikipata majibu yanayotaja ushahidi wa wakati ule wenyewe.

Mwalimu wa Historia:
Ndugu Mdadisi, anza na nyumba na kazi za mikono. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18, Paulo anafika Korintho na kukaa kwa Akila na Prisila, waliokuwa wametoka Italia baada ya Kaisari Klaudio kuwaamuru Wayahudi waondoke Roma. Anakaa kwao kwa kuwa kazi yao ni moja, kushona mahema. Baadaye tunawakuta Efeso, na katika Waraka kwa Warumi sura ya 16 wanasalimiwa pamoja na kanisa linalokutana nyumbani mwao. Hawa ni mafundi waliohama kwa sababu za maisha, na kila walipohamia, kusanyiko lilipata mahali pa kukutania. Sura hiyo hiyo inamtaja Fibi wa Kenkrea, bandari ya Korintho, ambaye wengi wanaamini ndiye aliyeupeleka waraka wenyewe Roma.

Masinagogi nayo yasisahauliwe. Katika miji mingi mitume walikuta watu wa mataifa waliokwisha kumcha Mungu wa Israeli na kuyasikia Maandiko kwa Kigiriki, kwa hiyo mahubiri hayakuanzia patupu.

Desturi ya kukutana nyumbani ilidumu muda mrefu. Huko Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati katika Syria ya leo, wachimbuaji walikuta nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa katika miaka ya 240: ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa ili upatikane ukumbi, na chumba kingine kikawekewa birika la ubatizo, ukutani pakachorwa Mchungaji Mwema akiwa na kondoo. Kwa nje, mpita njia asingeona tofauti kubwa na nyumba za jirani.

Msomaji wa Nyaraka:
Naongezea ushahidi wa mtu asiyekuwa Mkristo. Takriban mwaka 112, Pliny, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan akiomba mwongozo. Analalamika kwamba imani hii imewapata watu wa kila umri na kila daraja, wanaume kwa wanawake, na kwamba imeingia vijijini na mashambani, si mijini peke yake. Mahekalu yalikuwa karibu kuachwa, na nyama ya wanyama wa kafara ilikuwa imekosa wanunuzi, ingawa anajisifu kwamba hali imeanza kubadilika. Alipotaka kujua undani wa mambo, aliwatesa wanawake wawili watumwa, ambao Wakristo waliwaita mashemasi. Jambo hilo hunigusa kila ninapolisoma: viongozi ambao liwali aliona wanafaa kuhojiwa walikuwa watumwa wa kike. Nadhani hapo swali lako la «nani» limepata sehemu ya jibu lake.

Mtafiti:
Mimi ningetilia mkazo huduma. Mwaka 251, Cornelius, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa na makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa nalo. Huko hakukuwa na serikali iliyojipa wajibu wa kumlea mjane asiye na ndugu. Miaka hiyo hiyo tauni iliikumba dola, na Dionysius, askofu wa Aleksandria, anaeleza jinsi waamini walivyowauguza wagonjwa hadi wengine wakafa nao. Ukiona kwamba huyo ni askofu anayewasifu watu wake, msikilize adui: Kaisari Julian, aliyetaka kuirudisha ibada ya miungu, aliandika karibu mwaka 362 kwamba Wagalilaya hawa, kama alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia, akawahimiza makuhani wake waige.

Mdadisi:
Nawashukuru sana. Limebaki moja: Kaisari Decius alipoamuru mwishoni mwa 249 kila mtu atoe kafara, Wakristo wengi walitii. Kwa nini kanisa halikusambaratika?

Msomaji wa Nyaraka:
Ni kweli, wengi walitii. Misri imetupatia hati za mafunjo ambamo mtu anatangaza kwamba daima ameitolea miungu kafara, na kwamba sasa, mbele ya wasimamizi, amemimina kinywaji, ametoa kafara na kuionja. Kisha wasimamizi wanatia sahihi. Wakristo wengine walinunua hati kama hizo bila kutoa kafara yoyote. Mateso yalipopoa, Novatian, kasisi wa Roma, alishikilia kwamba walioanguka, yaani waliotii amri hiyo, wasirudishiwe ushirika, akajitenga. Cyprian, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, na maaskofu wenzake walikutana mwaka 251 wakachukua njia nyingine: walionunua hati wangeweza kupokewa baada ya toba, kila mmoja kwa kuchunguzwa hali yake, na waliotoa kafara wangebaki katika toba, wakipatanishwa walipokaribia kufa. Mwaka uliofuata, walipohofia mateso mapya, waliwapokea hata hao waliokuwa wakiendelea kutubu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulilinusuru kanisa kuliko barabara zote za Kirumi, kwa sababu maelfu waliokuwa nje ya mlango walirudi ndani pamoja na nyumba zao. Cyprian mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258, chini ya Kaisari Valerian.