Shairi la dafodili: tunafundisha maua au tunafundisha shairi?

Mwanzisha mada

Wakuu, leteni hoja. Juzi nilikuwa nasahihisha majibu kuhusu shairi la William Wordsworth la maua ya dafodili, lile la mtu anayezurura mpweke kama wingu. Karatasi baada ya karatasi: "Dhamira ni uzuri wa maumbile." Swali la fani, yaani umbo la shairi: "Beti 4, mishororo 6 kila ubeti, vina ababcc." Alama tele, na shairi halijasomwa.

Msimamo wangu: kuitenga fani na maudhui namna hii ndiko kunakoliua shairi. Chukua vina vya ubeti wa kwanza tu. "Cloud", yaani wingu, limefungwa kina na "crowd", umati. Mpweke na umati, kina kimoja! Halafu "hills", vilima, na "daffodils". Sasa ruka hadi ubeti wa mwisho: kina hicho kinarudi, lakini "hills" haipo tena, ipo "fills", moyo unajaa. Kilichokuwa vilimani kimehamia kifuani, na kazi hiyo imefanywa na vina.

Tazama na nyakati. Beti 3 za mwanzo ni nilizurura, niliona, nilitazama. Ubeti wa 4 ni hu- yetu ya mazoea: mara nyingi nijilazapo kwenye kochi, maua hunijia, moyo hucheza nayo. Yaani maua hayapo! Yupo mtu ndani ya nyumba, na kochi. Hapo "uzuri wa maumbile" inatosha kuwa dhamira?

Mdau wa kwanza

Mkuu, mpweke gani? Alhamisi ya 15 Aprili 1802 alikuwa na umbu lake Dorothy kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza. Dorothy aliandika kwenye shajara yake kwamba upepo ulikuwa wa hasira. Maua mengine yamelaza vichwa juu ya mawe kama mito, yamechoka, mengine yakiyumba na kucheza kana kwamba yanacheka. Kaka mtu akaja kutunga kama miaka 2 baadaye. Upepo ukawa mwanana, dada akafutwa. Hata ile mishororo 2 ya ubeti wa mwisho, maua yakimulika jicho la ndani ambalo ni raha ya upweke, inayosifiwa kuliko yote, mwenyewe alikiri ni ya mkewe Mary. Hesabu vina mpaka kesho, hayo huyaoni.

Mwanzisha mada

Kufutwa kafutwa, sibishi. Lakini fuata kitenzi cha kucheza, kile kile cha kwenye shajara. Kimo katika kila ubeti, beti zote 4. Jina la Dorothy limetoka, neno lake limebaki likipiga ngoma. Nisingeliona hilo bila kuhesabu.

Mdau wa pili

Mimi swali langu ni dogo: kwa nini dafodili? Watoto wa visiwa vya Karibi walikaririshwa shairi hili enzi za Mwingereza, ua lenyewe hawajaliona. Vina vitamu, ila nani kachagua?

Mwalimu mstaafu

Nimechukua kalamu nikahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Ubeti wa kwanza: 8, 8, 8, 8, 8, kisha 9. Kwetu sisi wa mapokeo hilo ni guni, shairi lenye kasoro ya mizani, na mwanafunzi wangu angerudishiwa daftari.

Mwanzisha mada

Shikamoo mwalimu. Waingereza hapo wanahesabu mapigo, yaani silabi zenye mkazo, 4 kwa mshororo, silabi moja ikizidi inavumilika. Lakini umegusa penyewe. Toleo la 1807 mshororo huo ulikuwa na 8 kamili: maua 10,000 yakicheza upeponi. Mwaka 1815 akaubadili, akaanza na "Fluttering", yaani yakipepea, pigo zito mbele badala ya jepesi, na silabi ya ziada. Mshororo unatetemeka pale pale maua yanapotetemeka. Alikuwa na mizani safi mkononi akaichafua kwa makusudi!

Mwalimu mstaafu

Marahaba. Kwa makusudi au kwa kupitiwa, hilo mie siapi. Ila umelitaja toleo la 1807, nalo lilikuwa na beti 3. Ubeti wa nyota, ule unaofananisha maua na nyota, uliingia 1815. Sasa kama fani ndiyo maana, yale ni mashairi 2?

Mwanzisha mada

Hapo umenibana. Wingu na umati vimo tangu 1807, na moyo kujaa umo. Kilichoongezeka ni nyota, na yale maua 10,000 yakasogezwa humo. Nikiulizwa leo, ubeti wa nyota naona umejaza nafasi tu. Shairi la beti 3 linafika kwenye kochi haraka, na mshtuko wake ni mkali zaidi. Ila silabi ya 9 siitoi. Wiki ijayo nawapa wanafunzi matoleo yote mawili bila tarehe, waniambie lipi limetangulia na wamelijuaje.