Nyuso nyeupe, nyuma giza tupu: ninunue flashi yenye nguvu zaidi?

Swali
Wakuu, habari zenu. Napiga picha za sherehe za ndani. Kamera naiweka 1/200 (kasi ya shata), f/8 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kupokea mwanga), flashi iko juu ya kamera inatazama mbele, nguvu kamili. Watu wa karibu wanatoka kama wamepakwa unga, ukumbi nyuma yao hauonekani kabisa. Flashi yangu ina namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu yake) 36 na kichwa chake hakigeuki. Nimeona nyingine ya 60. Nichukue? Halafu marehemu baba aliniachia flashi ya enzi za filamu, naweza kuipachika kwenye kamera ya dijitali?

Jibu
Mkuu, nguvu unayo tele. Gawanya 36 kwa f/8, unapata mita 4.5 kwa ISO 100, ndio umbali ambao nguvu kamili inatosha. Mtu wa mita 2 lazima aungue. Na ukutani, mita 8 kutoka kwako, umbali ni mara nne ya huo, kwa hiyo mwanga wa flashi unaofika ni sehemu moja ya 16. Hata ya 60, ukiishusha ili mtu asiungue, itakupa giza lile lile.

Ukumbi unaonekana kwa taa zake wenyewe, na wewe umezifungia nje. Weka 1/60, f/4, ISO 400, kisha punguza flashi. Kasi ya shata inatawala mwanga wa ukumbi, flashi haiguswi mradi usivuke kasi ya juu ambayo kamera yako inakubali kwa flashi, mara nyingi 1/200 au 1/250.

Ukinunua, nunua kichwa kinachoinama na kuzunguka. Hilo kwangu linatangulia TTL (kamera kujipimia yenyewe mwanga wa flashi) na mengine yote. Mimi mwanzoni nilikuwa naelekeza juu darini moja kwa moja, nikampiga mzee mmoja aliyekaa mezani: paji la uso linang'aa, macho yamezama kwenye vivuli viwili vyeusi. Nikageuza kichwa cha flashi nyuma, juu ya bega langu la kushoto, kwenye ukuta mweupe. Macho yakafunguka, mpaka makunyanzi ya kando ya jicho yakaonekana. Ile picha ninayo hadi leo. Angalia tu rangi: dari ya kijani itakupa nyuso za kijani.

Jibu jingine
Hiyo ya baba yako usiipachike kwanza! Baadhi ya flashi za zamani zina zaidi ya volti 200 kwenye pini ya katikati, zinaweza kuua kamera. Iwashe, iache ijae, pima kwa multimita kati ya pini hiyo na chuma cha pembeni. Na kama ilikaa na betri ndani, fungua uone kama zimevuja.

Muuliza swali
Nimepima: volti 180. Nimeirudisha kabatini, itabaki kumbukumbu ya baba. Ile ya 36 nimeishusha hadi 1/64 ya nguvu kwa mipangilio mliyonipa, na kwa mara ya kwanza taa za jukwaani na mapazia vimeonekana. Ila wanaocheza wanaacha mkia hafifu nyuma ya mikono.

Jibu
Mkia huo ni wa taa za ukumbi, flashi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Wakati wa kucheza panda 1/125, ISO 800, flashi ishuke 1/128. Wakikaa, rudi 1/60.