Arusha hadi Natron kwa pikipiki, siku tano: tuanzie Mto wa Mbu au Longido?

Msafiri wa Sakina

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Sisi ni watatu, wote wakazi wa Arusha, na katikati ya Juni tunakusudia kuzunguka kwa siku tano na pikipiki zetu za cc 150. Tungepita Makuyuni, Mto wa Mbu na Engaruka hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron, tupumzike siku moja, kisha turudi kwa njia inayopita kati ya mlima Gelai na mlima Ketumbeine hadi Longido, ambako tutashika lami ya Namanga na kurudi nyumbani.

Ninauliza kwa sababu njia hii imekwisha kunionyesha sura mbili. Agosti mwaka jana nilitoka Mto wa Mbu asubuhi nikafika Ngare Sero kabla ya jua kuzama, na adui yangu pekee alikuwa vumbi. Aprili mwaka huu, kwenye barabara ileile, sikufika hata Engaruka. Tope liliingia kati ya tairi la mbele na madigadi, likashikamana na majani makavu mpaka gurudumu likagoma kabisa kuzunguka, nami nikakaa pale karibu saa nzima nikichokoa kwa mpini wa kijiko, huku watoto wawili waliokuwa wakichunga mbuzi wakinitazama kwa huruma. Kila nikimaliza, nilisogea hatua ishirini na kuanza upya. Mwishowe niligeuza.

Naomba kujua mambo mawili: je, katikati ya Juni njia hizi huwa zimekwisha kukauka, na je, ni busara kuanzia Mto wa Mbu kama tulivyopanga?

Fundi wa Kwa Mrombo

Kaka, pole kwa kijiko. Hilo la madigadi ndilo ninaloanza nalo, kwa sababu pikipiki nyingi za hapa mjini zimetengenezwa kwa ajili ya lami na madigadi ya mbele imelala karibu mno na tairi. Ifungue uiache nyumbani, au umwombe fundi wako aipandishe juu kwa vyuma virefu zaidi. Utarushiwa tope usoni, lakini utafika.

Kuhusu kukauka, swali lenyewe linahitaji kugawanywa, kwa kuwa mvua moja huifanyia mema sehemu moja ya mzunguko wako na kuiharibu nyingine. Kuanzia Engaruka kwenda Ngare Sero unapita chini ya Ol Doinyo Lengai, na sehemu kubwa ya ardhi ile ni majivu ya volkano na mchanga. Milipuko ya 2007 na 2008 iliongeza majivu mapya juu ya yale ya zamani. Majivu hayo yakikauka sana huwa laini kama unga wa sembe, tairi la mbele linazama na usukani unayumba. Yakipata mvua ndogo hushikana, na unapita juu yake kwa raha kuliko wakati wa kiangazi kikali. Upande wa Gelai na Ketumbeine, kwenye tambarare, utakutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua hiyohiyo ndogo huugeuza kuwa gundi. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba jana ilinyesha, muulize kwanza ilinyesha juu ya udongo gani.

Mambo ya ufundi nitayapitia haraka. Punguza upepo kidogo mnapoingia kwenye mchanga, lakini msizidishe, kwa sababu tairi la tyubu likilegea sana hupigwa na rimu kwenye mawe na tyubu ikakatika pande mbili kwa mpigo. Ile barabara ya mawimbi kama bati hulegeza kila nati, basi kila jioni mpite na spana kwenye spoku, sproketi na vishikizo vya mizigo. Kisafisha hewa kikung'utwe kila siku bila kusubiri pikipiki ianze kukohoa. Petroli mjaze Mto wa Mbu au Longido, kutegemea mtakapoanzia, na kila mmoja abebe lita tano za akiba kwenye dumu imara, maana pikipiki inayolia kwenye gia ya kwanza mchangani hainywi kama ile inayoteleza kwenye lami. Beba na fedha taslimu kwa ajili ya mageti ya halmashauri.

Mama Chanjo, Longido

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na Fundi kuhusu udongo. Mimi nimezunguka upande huu kwa pikipiki miaka mingi katika kazi ya chanjo ya mifugo, na ningependa kuongeza jambo ambalo mgeni halioni. Mbuga ikianza kukauka, inakauka juu kwanza. Utaona uso wa kijivu uliopasukapasuka vizuri, ukaamini kwamba ni mgumu, kumbe chini yake, kina cha kiganja, bado ni ugali wa moto. Mimi hushuka, hukanyaga kwa kisigino na kuzungusha mguu. Kisigino kikizama na kikatoka na udongo unaong'aa, siendi, hata kama kuna alama za tairi za gari mbele yangu, kwa sababu gari lile huenda lilipita wiki mbili zilizopita.

Alama zenyewe ni tatizo la pili. Kati ya Ketumbeine na Gelai njia hujigawa kila dereva anapokwepa tope la mwaka wake, hivyo utakuta njia tano zinazofuatana sambamba, mbili zinarudi kuungana na moja inaishia kwenye boma la mtu. Ukifika bomani usione aibu, bali salimia wazee, ueleze uendako, na utapata kijana wa kukuelekeza.

Kwa sababu hizo, ningeshauri mbadilishe mwelekeo na kuanzia kwetu. Mkikuta mbuga bado mbichi, mtakuwa bado karibu na lami ya Namanga na mnaweza kurudi Arusha siku hiyohiyo bila hasara kubwa. Mkianzia Mto wa Mbu, mtaikuta mbuga siku ya nne, mkiwa mmechoka na petroli imepungua, na kurudi nyuma kutakuwa ni kurudia njia yote. Tena mkitoka Longido alfajiri, jua linabaki mgongoni na mnaiona ardhi vizuri.

Kijana wa Majengo

Kwa heshima, nadhani tunatia chumvi kidogo. Masika ni Machi hadi Mei. Juni ni kavu, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unapatikana kwenye simu kila siku. Wakiona mbingu nyeupe waende tu, wapande upande wowote.

Mama Chanjo, Longido

Mwanangu, utabiri nami ninausoma, na kwa kweli Juni ni mwezi mzuri. Lakini masika hayafungi duka siku ya tarehe 31 Mei, na mbingu ya mahali uliposimama haitoshi. Makorongo yanayokata barabara ya Ngare Sero hupokea maji kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, kwa hiyo huko chini unaweza kuwa unatoka jasho juani huku maji ya mvua iliyonyesha milimani yakikujia. Nimewahi kukaa ukingoni mwa korongo kutoka saa nane mchana hadi saa moja usiku nikisubiri maji ya rangi ya chai ya maziwa yapungue, na tone moja la mvua halikunigusa. Maji yalipopungua, kivuko nilichokijua hakikuwapo tena, kwani mahali pa mchanga palikuwa na mawe ya ukubwa wa ndoo. Usivuke maji ambayo hujayapima kwa miguu yako, na usipige hema ndani ya korongo kwa sababu tu mchanga wake ni laini.

Msafiri wa Sakina

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu yenu na tumekubaliana kuanzia Longido, tuondoke Arusha saa kumi na moja alfajiri ili tuingie kwenye vumbi mapema. Madigadi ya mbele nimekwisha kuifungua. Mmoja wetu bado anataka kilomita zigawanywe sawasawa kwa siku, nami nimemwambia kwamba siku ya Gelai tutaiacha bila hesabu, tukifika tumefika, na ile siku ya mapumziko ya Ngare Sero ndiyo itakayolipa deni. Mama, tukipita Longido tutakutafuta, nawe utuoneshe hicho kipimo cha kisigino.

Mama Chanjo, Longido

Karibuni. Njooni na viatu vya zamani.