Mrejesho: Namba za msasa kwa meza ya mninga

Ndugu zangu, niliuliza nitumie msasa wa namba gani (namba ikiwa kubwa, msasa huwa laini zaidi) kwenye mashine ya kusugulia mbao ili kulainisha meza ya mninga kabla ya kuipaka vanishi, nanyi mkanishauri nianze na 80, nifuate 120, kisha niishie 180. Nimefanya hivyo na nimeridhika sana.

Kilichonifaa zaidi ni kuchora mistari ya penseli juu ya ubao kila nilipobadili namba, na kutopanda namba nyingine mpaka mistari yote ifutike. Nilipoweka taa pembeni, karibu usawa na meza, vilionekana vijiduara vilivyoachwa na msasa wa 80, ambavyo mwanga wa juu ulikuwa unavificha kabisa. 120 iliviondoa bila kuikandamiza mashine, kwani uzito wake unatosha. Kila hatua nilifuta vumbi, maana chembe moja kubwa ikibaki hukwaruza upya.

Mwisho nilipitisha 180 kwa mkono, nikifuata nyuzi za mbao. Namba 320 nimeitumia kidogo tu baada ya tabaka la kwanza la vanishi kukauka. Tafadhali vaeni barakoa, kwa sababu vumbi la mninga huwasha pua.