Acheni kumsingizia mtazamaji: sinema ya Kihindi inalipia sura na kuiacha hadithi bila bei

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimeivumilia kwa muda mrefu. Kila filamu kubwa ya Mumbai, yaani ya Bollywood, inapoanguka, watayarishaji na mastaa wake hujitokeza kwenye mahojiano wakitoa maelezo yaleyale: mtazamaji amebadilika, ladha yake haieleweki tena, simu imemwondolea subira. Maelezo hayo sasa yanarudiwa hata humu na wachangiaji ninaowaheshimu, wanaoandika kwamba “watu hawataki tena picha za Kihindi”. Napinga, na sababu zangu naziweka wazi ili anayetaka kunijibu ajibu hoja. Ladha ya mtazamaji imepanuka, hilo nalikubali, lakini kinachoiua sinema ya Kihindi ni mfumo unaomlipa staa kabla ya mtu yeyote, ukamlipa mwandishi kwa makombo, kisha ukamtaka mnunuzi wa tiketi afidie hasara.

Tuanze na mwaka 2022, maana ndipo kilio hiki kilipopazwa sana. Samrat Prithviraj ilianguka mwezi Juni, Shamshera ikafuata Julai, na tarehe 11 Agosti filamu mbili za majina makubwa zikatoka siku moja, Laal Singh Chaddha ya Aamir Khan na Raksha Bandhan ya Akshay Kumar, zote zikashindwa kurudisha fedha ndani ya India. Wakubwa wa Mumbai wakatangaza kwamba watu wameacha kwenda sinema. Lakini mwezi Aprili wa mwaka huohuo, wakazi wa Delhi, Lucknow na Patna walikuwa wamejaza kumbi kutazama sehemu ya pili ya KGF, filamu ya Kikannada, lugha ya jimbo la Karnataka kusini mwa India, iliyoingizwa sauti ya Kihindi, na toleo hilo la Kihindi peke yake lilikusanya zaidi ya rupia bilioni 4. Mwezi Oktoba ikaja kwa Kihindi Kantara, ambayo bajeti yake ilitajwa kuwa takriban rupia milioni 160, inayohusu ardhi, msitu na ibada ya mizimu katika vijiji vya pwani ya Karnataka. Rishab Shetty, aliyeiandika, akaiongoza na kuwa stelingi wake, hakuwa jina la kumtoa mtu nyumbani huko Kaskazini. Watu walitoka, wakalipa, wakarudi na ndugu zao. Mtu aliyeacha sinema hafanyi hivyo.

Kuna tukio jingine la mwaka huo ambalo wanaomlaumu mtazamaji hawapendi kulitaja. Tarehe 23 Septemba, siku waliyoiita Siku ya Kitaifa ya Sinema, kumbi za India zilishusha tiketi hadi rupia 75, na kwa siku hiyo moja waliingia watu zaidi ya milioni 6. Kumbi za kisasa zenye skrini nyingi, ambazo zilianzia Saket jijini Delhi mwaka 1997, zimeigeuza sinema kuwa starehe ya wenye mishahara mizuri, huku majumba ya zamani ya skrini moja, alikokwenda dereva wa riksho na mwanafunzi, yakifungwa moja baada ya jingine. Baba wa watoto watatu anapolipa tiketi, bisi na nauli, ana haki ya kuuliza hadithi ni ipi kabla ya kutoa fedha zake. Kuuliza huko ndiko wanakokuita kubadilika.

Halafu wanashangaa kwa nini filamu zinazotengenezwa upya zinadoda. Mwaka 2023 Shehzada iliigiza filamu ya Kitelugu ya mwaka 2020, na Selfiee ikaigiza ya Kimalayalam ya mwaka 2019, na zote mbili zikaanguka. Kumbi zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, mamilioni ya watu walikaa nyumbani wakagundua sinema ya Kerala (ya Kimalayalam) na ya Hyderabad (ya Kitelugu) wakiwa na tafsiri chini ya skrini, au toleo lenye sauti ya Kihindi kwenye televisheni na YouTube. Walijionea kwamba filamu ya watu wanne ndani ya nyumba moja inaweza kukufanya ushindwe kupumua ikiwa imeandikwa vizuri. Ukimletea mtu huyo hadithi aliyokwisha kuiona, ukaiongezea nyimbo mbili na sura maarufu, unamdharau, naye anaijua dharau anapoiona.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapo ndipo penye uchungu wangu. Mwaka 2024 Karan Johar, ambaye yeye mwenyewe ni mtayarishaji na hawezi kuitwa adui wa mastaa, alilalamika hadharani kwamba waigizaji wanadai rupia milioni 350 ilhali filamu zao zinafungua kwa milioni 35. Mwaka huohuo waongozaji Anurag Kashyap na Farah Khan walieleza jinsi bajeti zinavyoliwa na misafara ya mastaa: magari kadhaa ya kupumzikia kwa mtu mmoja, mpishi wake, mkufunzi wake wa mazoezi, watu wa nywele, wapigapicha wa mitandao. Mwaka huohuo tena mafundi wa filamu walilalamika kwamba hawajalipwa ujira wa kazi waliyokwisha kuimaliza. Fedha zilikuwepo, ila zilikuwa zimekwenda kwingine kabla kamera haijawashwa. Na mtu aliyeketi miezi na miaka akitunga hadithi yenyewe yuko mwisho wa foleni. Waandishi wa skripti wa Mumbai wamelalamika kwa miaka mingi kuhusu mikataba inayompa mtayarishaji uwezo wa kuwaondoa wakati wowote na kuamua mwenyewe kama majina yao yataonekana. Ilibidi Bunge la India libadilishe sheria ya hakimiliki mwaka 2012, baada ya Javed Akhtar, mtunzi wa mashairi ya filamu, kulipigania jambo hilo, ndipo watunzi wa mashairi na muziki wa filamu wakapata haki ya mrabaha ambayo hawawezi kunyang’anywa kwa saini moja.

Jambo hili lina historia ndefu. Zanjeer ilipotoka mwaka 1973, mabango yake hayakuwa na majina ya waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, nao wakamkodi mchoraji azunguke mjini Bombay (Mumbai ya leo) akiyapachika majina yao juu ya mabango hayo. Ni filamu iliyomfanya Amitabh Bachchan kuwa Amitabh Bachchan! Miaka miwili baadaye walewale wawili waliandika Deewaar na Sholay, na mpaka leo tunanukuu maneno yao hata sisi tusiojua Kihindi vizuri. Staa yule alizaliwa kwenye kurasa, na waliozaa kurasa hizo ilibidi wajitangaze kwa brashi ya kukodi. Nusu karne imepita, na ukiangalia bango la leo utaona nafasi ya mwandishi imeongezeka kwa kiasi gani.

Msiniambie pia kwamba mwananchi wa kawaida hajawahi kuthamini maudhui. Mwaka 1976 Shyam Benegal alitengeneza Manthan, filamu kuhusu ushirika wa maziwa, kwa fedha za wafugaji 500,000 wa Gujarat waliochangia rupia 2 kila mmoja. Ilipotoka, wanavijiji walikwenda kwa malori kuitazama filamu yao. Hao hawakuwa wasomi wa Bombay. Walikuwa watu wanaoamka alfajiri kukamua, na walilipia hadithi kabla haijapigwa hata picha moja, kwa sababu ilikuwa inawahusu.

Na wanapopewa nafasi leo, wanafanya vilevile. Mwezi Oktoba 2023 Vidhu Vinod Chopra alitoa 12th Fail, hadithi ya kijana maskini wa Chambal anayehangaika na mtihani wa utumishi wa umma, ikiwa na Vikrant Massey ambaye hakuwa kwenye orodha ya majina ya kuuzia tiketi. Siku ya kwanza ilikusanya kidogo sana, halafu maneno ya mdomo yakaanza kufanya kazi, na filamu ikakaa kumbini kwa miezi. Tuzo za Kitaifa zilipotangazwa mwaka 2025, ilishinda filamu bora, na Massey akagawana tuzo ya mwigizaji bora na Shah Rukh Khan. Angalieni pia Tumbbad: ilitoka mwaka 2018 na kuondolewa kumbini kabla wengi hawajajua ipo, ikarudishwa Septemba 2024, na mapato ya mara hiyo ya pili yakazidi yale ya mara ya kwanza. Filamu haikubadilishwa hata kidogo. Waliokuwa wamekosea ni waliopanga ratiba mwaka 2018, na sijasikia hata mmoja wao akiulizwa.

Ratiba hiyo ndiyo silaha wanayoitumia kuua. Filamu ndogo hupewa onyesho la asubuhi siku ya kazi, kisha Jumatatu wanasema haina watu na kuiondoa. Homebound ya Neeraj Ghaywan, inayohusu marafiki wawili, Mwislamu na Mdalit (mtu wa tabaka linalodharauliwa zaidi India), katika siku za karantini ya korona, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2025 na ikachaguliwa kuiwakilisha India kwenye Oscar, lakini ilipotoka nchini mwake mwezi Septemba ilipewa skrini chache mno kulingana na heshima hiyo. Kampuni za kuonyesha filamu mtandaoni, ambazo mwanzoni zilikuwa kimbilio la filamu za namna hii, zimeanza kudai filamu itoke kwanza kumbini ndipo ziinunue, kwa hiyo mlango umefungwa pande zote mbili.

Najua nitajibiwa kwa Pathaan, Jawan na Animal, zote za mwaka 2023, zote zilizovuna mabilioni. Sikatai. Mimi mwenyewe nilifurahi kumwona Shah Rukh Khan akirudi kama kinara baada ya miaka minne, na sidai kwamba kila mtu anataka filamu ya huzuni ya kijijini. Lakini Julai 2025 Saiyaara ya Mohit Suri, iliyobebwa na vijana wawili wageni kabisa kwenye nafasi za kinara, ilikusanya zaidi ya rupia bilioni 3 ndani ya India. Kwa maoni yangu hadithi yake si nzito, ila ni ya mapenzi yaliyoandikwa kwa dhati, na watoto wa miaka ishirini walilia nayo. Mnaweza kuitoa hiyo kwenye hesabu zenu, lakini hamwezi kuniambia kwamba sura ndiyo iliyoiuza.

Linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa sababu pwani hii imelipia tiketi za filamu za Kihindi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Awaara ya Raj Kapoor ilijaza majumba ya Zanzibar na Dar es Salaam miaka ya 1950, na watunzi wa taarabu wakachukua tuni za filamu hizo na kuzitilia maneno ya Kiswahili. Bibi zetu walifuata kisa cha kijana anayekana kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na kisa hicho walikielewa bila tafsiri. Leo ukumbi mmoja wa hapa mjini unatuletea kila filamu ya staa siku ileile inayotoka Mumbai, hata ile ambayo kila mtu anajua itaondolewa wiki inayofuata. Nilipouliza kaunta kwa nini hawakuleta 12th Fail, nilijibiwa kwamba Waswahili wanataka ngumi na nyimbo. Nani aliwauliza Waswahili hao, na lini?

Kama kuna msambazaji au mtu wa ukumbi anayepita humu, ombi langu ni hili: chukueni filamu moja ya Kihindi iliyosifiwa kwa hadithi yake, iwekeni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, onyesho la jioni, ikiwa na tafsiri chini ya skrini, kwa bei ya tiketi ya mchana, na mtangaze angalau wiki mbili kabla. Kisha rudini kwenye uzi huu mtuwekee idadi ya viti vilivyouzwa.