Naomba ushauri: KPI (vipimo vya utendaji) za kiwanda cha alizeti zinatuumiza

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia zamu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida. Bosi amebandika ubao wa KPI ukutani, na kubwa kuliko zote ni kilo za mbegu zinazopita mashineni kwa saa. Bonasi ya vijana inatoka hapo.

Basi wamekuwa wajanja. Wanalegeza koni ya mashine (ile inayobana mbegu mwishoni) ili zipite haraka. Namba ubaoni inapendeza, ila mashudu (mabaki ya mbegu zilizokamuliwa) yanatoka manene, ukiyafinya kiganjani yanaacha mafuta. Yaani tunawauzia wafugaji mafuta kwa bei ya mashudu!

Nimependekeza tupime mafuta yanayopatikana kwa kila kilo 100 za mbegu. Tatizo, mbegu hazifanani: leo zimekauka vizuri, kesho zinaletwa na unyevu, na chotara hutoa mafuta zaidi ya zile za kienyeji. Zamu itakayoangukiwa na mzigo mbaya italalamika, tena kwa haki.

Mliopitia haya, mnapimaje mafuta yanayobaki kwenye mashudu bila maabara? Na bonasi mnaihesabu kwa zamu au kwa mzigo? Mita ya unyevu tunayo, ingawa betri yake ndiyo hivyo tena.