Mwenye banda umiza Uyole katutoza kiingilio mara mbili kwa mechi moja ya mchujo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hasira niliyo nayo haijapoa, na ninaiandika kwa mpangilio sasa hivi kabla haijanifikisha kwenye matusi.

Jumapili ya tarehe 16 Novemba 2025, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikutana mjini Rabat, Moroko, katika fainali ya mchujo wa Afrika wa kufuzu Kombe la Dunia la 2026. Hapakuwa na nyumbani wala ugenini. Ilikuwa mechi moja tu, katika nchi ya tatu, ambayo anayefungwa safari yake inaishia hapo na anayeshinda anasonga kwenye mchujo wa mabara. Kwa saa zetu ilianza saa nne usiku. Hapa Uyole, Mbeya, ambako malori yanayokwenda Tunduma na kuendelea hadi Lubumbashi hupita na kulala kila siku, mechi ya Kongo haihesabiwi kuwa mechi ya wageni. Waliojaa usiku ule kwenye banda umiza, yaani banda la kuonyeshea mpira kwa kiingilio, walikuwa madereva na matingo waliokwishapoteza siku nyingi za maisha yao kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, wanaojua Kilingala cha kuombea maji na cha kugombania bei, na wenyeji kama mimi tuliokuwa tumeamua tangu Alhamisi kwamba tunaishangilia Kongo, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa haijacheza Kombe la Dunia tangu mwaka 1974 ilipokuwa ikiitwa Zaire.

Kiingilio cha kawaida cha banda hili ni shilingi 500. Siku hiyo ubao wa mlangoni uliandikwa kwa chaki kwamba Kongo na Naijeria ni shilingi 1,000. Tulilipa bila kunung'unika, tukabanana kwenye mabenchi, wengine wakasimama ukutani. Frank Onyeka akaifungia Nigeria dakika ya 3, Meschack Elia akasawazisha dakika ya 32, Victor Osimhen hakurudi kipindi cha pili, na dakika tisini zikamalizika kwa bao moja kwa moja. Hadi hapo sina lalamiko, ukiacha spika moja iliyokuwa ikikoroma.

Mara tu mwamuzi alipopuliza filimbi, skrini ikazimwa. Tulidhani umeme umekatika, jambo ambalo tungelisamehe kwa kuwa tumelizoea, lakini taa ilikuwa inawaka. Mwenye banda akasimama mbele ya skrini akiwa ameshika rimoti, akatangaza kwamba kiingilio tulicholipa kilikuwa cha dakika tisini, na kwamba atakayetaka kuangalia nyongeza na penalti aongeze shilingi 500, na asiyetaka atoke ili awapishe wengine. Vijana wake wawili wakaanza kupita na bakuli la plastiki. Wenye noti kubwa wakaambiwa hakuna chenji. Wasio na fedha taslimu wakasomewa lipa namba, na kila mmoja anajua mtandao wa simu unavyokuwa pale watu wengi wanapolipa kwa pamoja ndani ya nyumba ya mabati. Skrini iliendelea kuwa nyeusi wakati wote huo, na huko Rabat mpira ulikuwa umeshaanza. Kwa maana hiyo hata waliolipa mara ya pili waliibiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza cha nyongeza waliitumia kutazama bakuli.

Mzee mmoja dereva, mtu mzima kabisa, alijaribu kuzungumza naye kwa upole. Mwenye banda, ambaye bado ni kijana, akamjibu, "Shikamoo mzee wangu, lakini mia tano ni mia tano." Mzee akaitikia marahaba, kisha akamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kadiri ninavyoyakumbuka: "Kijana wangu, mimi nikikubali mzigo wa Lubumbashi, siwezi kufika Nakonde (hapo ng'ambo ya mpaka wa Tunduma) nikampigia simu mwenye mzigo nimwambie fedha yake imeishia hapa." Banda zima likacheka. Mwenye banda hakucheka, na mzee akatolewa nje. Mimi nami nilikataa kulipa, nikatolewa pamoja naye.

Sasa naomba tuijadili hoja ya mwenye banda, maana aliirudia kwa kujiamini sana: kwamba mpira ni dakika tisini na hata FIFA wanajua. Ni kweli kwamba Sheria ya 7 ya mchezo huu inataja vipindi viwili vya dakika 45. Lakini Sheria ya 10, ambayo naona hajawahi kuisikia, inaeleza nini hufanyika pale mashindano yanapohitaji mshindi: vipindi viwili vya nyongeza visivyozidi dakika 15 kila kimoja, na mikwaju ya penalti. Nakubali, kabla mjuaji hajanirukia, kwamba kwa maandishi ya sheria penalti hupigwa baada ya mchezo kumalizika. Hata hivyo sisi hatukununua kifungu cha sheria. Ubaoni paliandikwa majina ya timu mbili, na kanuni za mchujo huu zilijulikana kabla ya mpira kuwekwa katikati. Mechi ya mtoano isiyotoa mshindi haijaonyeshwa, imekatizwa.

Tena ukitazama mechi za aina hii zilizokwishachezwa, utaona kwamba anachokiuza kama nyongeza mara nyingi ndicho kiini chenyewe. Tarehe 29 Machi 2022, katika mchujo wa kwenda Qatar, Kameruni iliyokuwa imefungwa 1-0 kwake Douala ilikwenda Blida kuikabili Aljeria. Dakika tisini zilipokwisha Kameruni ilikuwa inaongoza 1-0, hivyo jumla ilikuwa moja kwa moja. Dakika ya 118 Ahmed Touba akaisawazishia Aljeria, watu wakaanza kusherehekea kufuzu, na dakika ya nne ya fidia baada ya zile 120 Karl Toko Ekambi akafunga bao lililoipeleka Kameruni Qatar kwa faida ya mabao ya ugenini. Hebu mfikirieni mtu aliyenunua dakika tisini za mechi ile: angekwenda kulala bila kuona hata kimoja kati ya vitu vinavyozungumzwa hadi leo. Usiku huohuo Senegali na Misri zilifika kwenye penalti, Senegali ikashinda 3-1, na Sadio Mané ndiye aliyefunga ya mwisho. Mwaka 2009, katika mchujo wa kwenda Kombe la Dunia, mkono wa Thierry Henry wa Ufaransa ulioushika mpira kabla ya bao na kuwaliza Waayalandi karibu na Paris ulikuwa dakika ya 103. Kwa bei za banda letu, Waayalandi wangelazimika kulipa mia tano nyingine ili waone wanavyodhulumiwa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Alhamisi ya tarehe 13 Novemba, siku tatu tu kabla, Nigeria na Gabon zilimaliza dakika tisini zikiwa 1-1, kisha Nigeria ikafunga mabao matatu katika nyongeza, moja la Chidera Ejuke na mawili ya Osimhen, mechi ikaisha 4-1. Mechi ile ilionyeshwa katika banda hilohilo. Siku hiyo hakuna bakuli lililopita, hakuna skrini iliyozimwa, wala hakuna aliyesikia habari za kiingilio cha dakika tisini. Tofauti ni kwamba Alhamisi mabenchi yalikuwa nusu tupu na Jumapili palijaa. Kama ingekuwa ni kanuni ya banda, ingekuwepo Alhamisi. Iliyozaliwa Jumapili ni tamaa, na ilizaliwa pale alipotuona tuko wengi, usiku umeshakuwa mkubwa, na hakuna banda jingine la kukimbilia.

Alitaja pia gharama za umeme, kwamba uniti za LUKU zinakwisha. Uniti alizijua tangu asubuhi. Kupandisha kiingilio kutoka 500 hadi 1,000 tulidhani ndiko kulikofidia hayo, na angetaka 1,500 angeiandika ubaoni, mwenye nayo angeingia na asiyekuwa nayo angeamua mapema kusikiliza redio. Mtu akiwa nje ana uhuru wa kukataa bei. Ukimwingiza, ukasubiri matokeo yawe sare, halafu ukazima picha, humuuzii kitu tena, unamkaba.

Najua atatokea wa kuniambia nilipe jero, yaani hiyo mia tano, nikae kimya. Ndugu yangu, hiyo jero ninayo. Ninachokataa ni mtindo huu kuachwa ukue, kwa sababu leo ni dakika tisini, na kesho, timu zikitoka kwenye nyongeza zikiwa bado sare, bakuli litapita tena kabla ya penalti. Uwanja wa Sokoine hapo mjini tunalipa kiingilio kimoja kwa mechi za kombe, na zikifika kwenye matuta hakuna askari anayepita jukwaani kudai tofauti. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ya mwaka 2024, Yanga na Azam pale Zanzibar, iliisha bila bao hata moja na ikaamuliwa kwa penalti 6-5. Kwa hesabu za kijana huyu, walioingia uwanjani siku ile walilipia sufuri kwa sufuri.

Tulichokikosa sisi tuliotolewa nimekiona kesho yake kwenye marudio, na kimenichoma zaidi. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza, kocha wa Kongo Sébastien Desabre alimtoa kipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti peke yake. Ni uamuzi ambao ukienda kombo unamwondoa kocha kazini. Fayulu akafanya kazi aliyoitiwa, Chancel Mbemba akapiga mkwaju wa mwisho, Kongo ikashinda 4-3. Mbemba huyohuyo ndiye aliyeitoa Kameruni Alhamisi kwa bao la dakika ya 91. Yule mzee aliyewahi kulala Kasumbalesa na ambaye pengine ndiye aliyekuwa na haki kuliko sisi sote ya kuuona mkwaju ule, aliusikia kupitia ukuta wa mabati, akaniuliza, "Wamepata au wamekosa?" Sikuweza kumjibu, maana ndani walikuwa wanapiga kelele wa pande zote mbili.

Ninachotaka ni haya. Waliolipa mara mbili warudishiwe shilingi 500 zao, na sisi tuliotolewa turudishiwe shilingi 1,000 zetu zote, kwa sababu tulichouziwa hatukupewa. Mwenye kujua utaratibu wa kumfikisha mtu wa namna hii kwa afisa biashara wa jiji, au kwa mtendaji wa kata kwa kuanzia, anielekeze hapa wazi ili na wengine wafaidike, na aliyekuwepo bandani usiku ule ajitokeze athibitishe. Mechi nyingine za mtoano zitakuja, nazo lazima zipate mshindi, kwa hiyo tatizo hili litarudi. Kama hataki kutuonyesha mpaka mshindi apatikane, achukue chaki yake aandike mlangoni kwa herufi kubwa kwamba anaonyesha dakika tisini tu, tuone ni nani ataingia.